Boila ya zamani isitupwe, itafutiwe msaidizi

MGENI anayelala Mafinga, Uyole au Tukuyu mwezi Julai haulizi kwanza kama chumba kina televisheni. Anauliza kama kuna maji ya moto. Akijibiwa kwamba hayapo, anabeba begi lake na kuvuka barabara kwenda gesti ya jirani. Kwa mwenye nyumba ya wageni katika mikoa ya Mbeya na Iringa, maji ya moto ni sehemu ya bei ya chumba, kama kilivyo kitanda na shuka.

Tatizo ni gharama ya kuyapata. Wenye gesti wengi wanategemea moja ya njia tatu. Wapo wenye pipa au tanki lililojengewa kwa matofali na kuchochewa kuni kuanzia saa 10 alfajiri. Wapo wenye tanki la umeme lililofungwa darini au ukutani, ambalo mafundi huliita hita au boila. Na wapo waliofunga shawa ya umeme katika kila chumba, ile inayopasha maji papo hapo yanapopita. Njia zote tatu zinafanya kazi na zote zinamla mwenye nazo mfukoni, aidha kwa kuni au kwa LUKU.

Sasa imeingia sokoni mashine nyingine inayoitwa pampu ya joto. Inapasha maji kwa umeme, lakini kwa uniti chache kuliko hita ya kawaida. Wauzaji wanaiuza kwa sifa nyingi, na maneno yao mara nyingi huishia kwenye ushauri mmoja: ng'oa ya zamani, weka hii. Ushauri huo mfanyabiashara mdogo wa Nyanda za Juu Kusini aupime mara mbili kabla ya kutoa fedha. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Pampu ya joto ni mashine nzuri, lakini kwa gesti ya vyumba vichache faida yake kubwa inapatikana inapofanya kazi pamoja na boila iliyopo.

Friji iliyogeuzwa

Pampu ya joto si uchawi wala teknolojia ngeni. Kila mwenye friji dukani ameshaiona ikifanya kazi. Friji huchukua joto kutoka ndani, mahali penye soda na maziwa, na kulitupa nyuma. Ndiyo sababu mtu akigusa mgongo wa friji huukuta una moto. Pampu ya joto hufanya jambo hilo hilo kwa kugeuza. Inachukua joto lililomo katika hewa ya nje, hata hewa ambayo mtu anaiona ya baridi, na kulihamishia ndani ya tanki la maji.

Kwa kuwa inahamisha joto badala ya kulitengeneza, uniti moja ya umeme huweza kuleta ndani ya maji joto la uniti mbili na nusu hadi tatu au zaidi kidogo. Hita ya kawaida haiwezi kufanya hivyo. Uniti moja inayoingia kwenye hita hutoa joto la uniti moja tu, na sehemu yake hupotea kama tanki halikufungwa vizuri.

Hapa ndipo hali ya hewa ya Nyanda za Juu inapohusika. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa mjini takriban mita 1,600, na Mafinga iko juu zaidi. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, lakini mchana wa siku hizo hizo jijini Mbeya hupanda hadi nyuzi 20 na zaidi. Pampu ya joto hufanya kazi vizuri zaidi hewa inapokuwa na joto na maji yasipotakiwa kuwa ya moto sana. Ikiwashwa saa 7 mchana hadi jioni itatumia umeme mdogo. Ikilazimishwa kupasha maji hadi nyuzi 60 saa 10 alfajiri ya Julai, itahangaika na sehemu ya akiba itapotea.

Aidha, pampu ina tabia moja ambayo mnunuzi asipoambiwa atakuja kujuta. Ni ya polepole. Pampu ya kawaida ya nyumbani, yenye tanki la lita 200, huchukua saa tano au sita kupasha maji hayo kutoka nyuzi 15 hadi 55. Wageni 10 wanaotaka kuwahi basi la alfajiri wakioga kwa pamoja na tanki likaisha, hakuna namna ya kuiharakisha. Wa 11 ataoga maji ya baridi, na kesho yake atalala kwingine.

Hesabu ya vyumba 10

Mfano ufuatao unaweza kubadilishwa na kila mwenye gesti kwa idadi ya vyumba vyake. Ichukuliwe kwamba nyumba ina vyumba 10, vyote vina wageni, na kila mgeni anatumia lita 30 za maji ya nyuzi 55 ambayo huyachanganya na ya baridi. Hizo ni lita 300 kwa siku. Maji ya bomba yanaingia yakiwa na nyuzi 15. Kuyapandisha kwa nyuzi 40 kunahitaji joto la uniti 14 hivi.

Kwa hita ya umeme, uniti 14 ni uniti 14. Katika bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa daraja la T1, ambalo ndilo la biashara nyingi ndogo, aliwekewa Sh292 kwa uniti kabla ya makato. Ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia tatu ya nishati vijijini na asilimia moja ya EWURA, uniti inafika karibu Sh356. Kwa bei hiyo maji ya siku moja yanagharimu kama Sh5,000, na mwezi mzima wenye wageni kila siku ni karibu Sh150,000. Mwenye gesti anaweza kuweka bei anayoiona kwenye risiti yake ya LUKU na kurudia hesabu.

Sasa pampu ya joto iwekwe mbele ya hita hiyo. Pampu ipandishe maji kutoka nyuzi 15 hadi 45, kazi ambayo ni nyepesi kwake na inafanyika mchana. Hita imalizie kutoka 45 hadi 55. Sehemu ya pampu ni joto la uniti 10 na nusu, na kwa kuwa kila uniti ya umeme inaleta joto la uniti tatu, itatumia uniti tatu na nusu tu. Sehemu ya hita ni uniti tatu na nusu nyingine. Jumla ni uniti saba badala ya 14. Gharama imekatwa nusu, na akiba ni karibu Sh75,000 kwa mwezi nyumba ikijaa.

Muuzaji atasema pampu peke yake ingeokoa zaidi, na hapo hasemi uongo. Pampu ikipasha maji yote hadi nyuzi 55 bila msaada, kila uniti italeta joto la uniti mbili na nusu hivi, kwa hiyo zitatumika uniti tano na nusu au sita kwa siku. Tofauti na mpango wa kushirikiana ni Sh500 kwa siku, yaani Sh15,000 kwa mwezi. Lakini ili pampu peke yake itosheleze asubuhi ya Julai bila kumwangusha mgeni, itabidi mashine na tanki viwe vikubwa zaidi. Kama ukubwa huo utaongeza bei kwa Sh1.5 milioni, kwa mfano, itachukua miezi 100 kuzirudisha kwa Sh15,000 kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya miaka minane, na hakuna fundi anayeweza kumhakikishia mtu kwamba mashine itafika huko bila matengenezo makubwa.

Jambo la pili katika hesabu ni wageni wenyewe. Gesti nyingi hazijai kila siku. Nyumba inayojaza nusu ya vyumba itapata nusu ya akiba, yaani kama Sh37,000 kwa mwezi. Mashine ya Sh3 milioni iliyopaswa kujilipa kwa miezi 40 itachukua miezi 80. Anayekopa fedha za kununulia mashine afanye hesabu kwa wageni alionao, asifanye kwa wageni anaowatarajia.

Kwa nini boila ibaki

Zipo sababu nyingine za kutoing'oa boila ya zamani ambazo haziingii katika hesabu ya uniti.

Ya kwanza ni umeme kukatika. Taifa lilipita kwenye mgawo mkali mwaka 2006 kutokana na ukame, likarudi huko mwaka 2011, na tena mwishoni mwa 2022 na katika 2023. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ambayo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024, imeongeza umeme katika gridi. Hata hivyo, nguzo ikianguka kwa upepo au transfoma ikiungua, megawati hizo hazimsaidii mwenye gesti wa Makete au Mwakaleli usiku huo. Pipa la kuni linamsaidia.

Ya pili ni afya. Maji yanayokaa muda mrefu yakiwa ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, ni mahali pazuri pa kuzaliana kwa bakteria wa Legionella, ambao husababisha homa kali ya mapafu mtu akivuta mvuke wa maji hayo anapooga. Dawa yake ni kuyafikisha nyuzi 60. Pampu huifanya kazi hiyo kwa shida, lakini boila huifanya kwa urahisi. Maji yaliyopashwa na pampu yakipita kwenye boila yenye nyuzi 60 kabla ya kwenda bombani, hofu hiyo inapungua sana.

Ya tatu ni mzigo wa umeme. Shawa moja ya papo hapo huvuta kati ya kilowati tatu na nusu na tano na nusu. Laini ya kawaida ya njia moja yenye ampia 60 inabeba chini ya kilowati 14. Maana yake ni kwamba wageni watatu wakifungua shawa kwa wakati mmoja laini imefika mwisho. Pampu ndogo huvuta chini ya kilowati moja, lakini kwa saa nyingi. Inajaza tanki mchana kutwa, na asubuhi shawa zinapokea maji yenye uvuguvugu tayari, mradi ziwe za aina inayoruhusu maji ya joto kuingia. Zipo zisizoruhusu, na fundi lazima asome maelezo yake kwanza.

Mawazo haya hayakuanzia Mbeya. Mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni za kupasha maji kwa nguvu za jua. Majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yalitakiwa kufunga mitambo ya jua, na yale yaliyokuwa yamekwishajengwa yalipewa miaka mitano. Kanuni hizo zilipata upinzani wa wenye nyumba na utekelezaji wake ukayumba. Lakini kiwango kilichowekwa kina funzo. Mitambo ya jua ilitakiwa kutoa angalau asilimia 60 ya mahitaji ya mwaka. Waliotunga kanuni walijua kwamba asilimia zilizobaki zinahitaji chombo kingine. Nchini Ujerumani nako, sheria iliyoanza kutumika Januari 2024 iliweka asilimia 65 ya nishati jadidifu kwa mitambo mipya ya kupasha nyumba, na mojawapo ya njia ilizozikubali ni pampu ya joto ikisaidiwa na boila ya gesi. Kama nchi tajiri yenye baridi ya theluji inakubali mashine mbili zisaidiane, mfanyabiashara wa Iringa hana sababu ya kuona aibu kwa kuwa na boila ya zamani nyuma ya nyumba.

Wenye kuni waanzie jikoni

Kwa mwenye pipa la kuni hesabu ni tofauti, na ukweli usemwe hata kama utamchukiza muuza mashine. Kilo moja ya kuni kavu za mlingoti ina joto la uniti nne hivi. Zikichomwa chini ya pipa lililo wazi, joto linaloingia katika maji ni kama asilimia 15 tu. Zinazobaki zinakwenda na upepo. Kwa zile lita 300, moto wa namna hiyo unakula kilo 23 za kuni kwa siku. Moto huo huo ukijengewa jiko lililofungwa, lenye mlango, chekeche ya majivu na bomba la moshi, ukaweza kuingiza asilimia 40, kuni zinashuka hadi kilo tisa.

Kuni mbichi ni hasara nyingine. Gogo ambalo nusu ya uzito wake ni maji lina kama nusu ya joto la gogo kavu lenye uzito huo huo, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito huo si kuni, na moto unatumika kwanza kuyakausha maji hayo. Banda la kukaushia kuni kwa miezi michache, lenye paa na pande zilizo wazi, ni mtaji mdogo kuliko mashine yoyote.

Kwa hiyo mwenye gesti wa Mafinga, ambaye yuko jirani na msitu wa Sao Hill na viwanda vya mbao, na anayepata mabanzi kwa bei ndogo, hana haraka ya pampu. Ajenge jiko bora, akaushe mabanzi yake, na afunge tanki kwa kizuia joto. Aliye Iringa mjini au katikati ya Jiji la Mbeya, ambaye kuni zinamfikia kwa lori na kila mkono uliozigusa umeongeza bei, ndiye anayepaswa kufikiria msaidizi. Pampu ikimpandishia maji hadi nyuzi 45, pipa lake litahitaji robo tu ya kuni alizokuwa akitumia.

Msaidizi naye si lazima awe pampu. Iringa mjini ni pakavu na miezi ya Juni hadi Agosti ina jua la kutosha mchana, ingawa usiku ni wa baridi. Hapo mtambo wa jua juu ya paa unaweza kufanya kazi ile ile ya kuanza kupasha, bila uniti hata moja. Tukuyu na sehemu za Mufindi zenye ukungu na manyunyu ni habari nyingine, na huko pampu ina nafasi kubwa zaidi. Sehemu za baridi kali zinazopata jalidi, kama uwanda wa Kitulo na mabonde yanayouzunguka, mabomba ya mtambo wa jua yasiyo na kinga yanaweza kuganda na kupasuka. Mashine inunuliwe kwa kuangalia mahali ilipo nyumba, kwa maana iliyofaa kwa jirani wa wilaya nyingine huenda isifae.

Pampu iliyoko kijijini tayari

Wafugaji wa Rungwe, Mufindi na Njombe wana jambo la kujifunza hapa bila hata kununua pampu. Kila kituo cha kukusanyia maziwa chenye tangi la kupozea tayari kina pampu ya joto. Tangi linapopoza lita 500 za maziwa kutoka nyuzi 35 hadi nne, linayatoa maziwa joto la uniti 16 au 17, na joto hilo linapulizwa nje na feni kama uchafu. Pembeni mwa tangi hilo hilo, mhudumu anachemsha maji kwa kuni au hita ili aoshe ndoo, makopo na tangi lenyewe.

Kipo kifaa kinachofungwa kati ya kompresa na feni, ambacho hulikamata joto hilo na kulitia kwenye tanki la maji. Kwa makadirio ya tahadhari, kila lita ya maziwa inayopozwa inaweza kupasha nusu lita ya maji hadi nyuzi 50 hivi. Kituo cha lita 500 kitapata lita 250 za maji ya moto kila siku kutokana na umeme ambao kimeshaulipia. Boila ya zamani itabaki na kazi ya kuyamalizia yafikie joto la kuulia vijidudu. Vyama vya ushirika vya wafugaji vinapoagiza tangi jipya viulize kama kifaa hicho kinaweza kufungwa tangu mwanzo, maana kukiongeza baadaye ni kazi kubwa zaidi.

Mipaka nayo ijulikane. Boila za viwanda vya chai vya Mufindi na Rungwe zinatoa mvuke, na pampu ndogo za maji haziwezi kuufikia. Huko mazungumzo ni ya wahandisi na ya kuni za mashamba ya mikaratusi.

Fundi asichague njia ya mkato

Kuunganisha si kazi ngumu, lakini ina masharti. Maji ya baridi yaingie kwanza tanki la pampu, yatoke hapo yaingie boila, ndipo yaende vyumbani. Katikati iwekwe valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma. Kila tanki lililofungwa liwe na valvu yake ya usalama ya kutoa mgandamizo, na valvu hiyo isizibwe kamwe kwa sababu inadondosha maji. Tanki lililozibwa valvu ni bomu. Iwekwe pia njia ya pembeni yenye koki, ili pampu ikiharibika maji yaende moja kwa moja kwenye boila na biashara iendelee wakati fundi anasubiriwa.

Mabomba yote ya maji ya moto yafungwe kizuia joto, kwa sababu bomba tupu linalopita nje ukutani usiku wa Julai linarudisha hewani kile kilicholipiwa mchana. Pampu yenyewe hupuliza hewa ya baridi, hivyo isiwekwe kwenye korido ya wageni. Ikae nje chini ya kipaa, au karibu na jiko ambako kuna hewa ya joto ya kuvuta. Umeme unaopanda na kushuka huua kompresa, kwa hiyo kifaa cha kulinda kompresa kinunuliwe pamoja na mashine. Nyaya zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Wajibu haumhusu mnunuzi peke yake. Muuzaji atakiwe kueleza mashine inafanyaje kazi hewa ikiwa na nyuzi 10, si nyuzi 25 za Dar es Salaam. Mnunuzi ambaye hakupewa namba hiyo kwa maandishi asilipe. VETA, yenye vyuo Mbeya na Iringa, inafundisha mafundi wa majokofu. Fundi anayeijua friji yuko nusu ya safari ya kuijua pampu ya joto, na kozi fupi ingemmalizia safari hiyo. SIDO na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wana uwezo wa kubuni jiko lililofungwa na tanki lenye kizuia joto ambavyo karakana za mitaani zingeweza kuvitengeneza. SACCOS nazo zinaweza kukopesha kwa hatua, kwanza jiko au kizuia joto, kisha msaidizi, badala ya mkopo mmoja mkubwa unaomfunga mtu miaka mingi.

Serikali nayo ina pengo la kuziba. Ilizitaka taasisi zinazoandaa chakula kwa watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na Mei 2024 ikazindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania mwaka 2034. Ni hatua nzuri, lakini neno lililomo ni kupikia. Katika mikoa ya baridi, shule ya bweni, zahanati na gesti huchoma kuni nyingi kwa ajili ya kuoga na kufua. Sufuria ikihamia kwenye gesi huku pipa la maji likiendelea kula magogo, mti utakuwa umepona nusu.

Mwenye gesti ambaye bado hajaamua anaweza kuanza bila kutumia fedha yoyote. Achukue daftari, na kwa mwezi mmoja aandike kila siku vyumba vilivyolaliwa, uniti zilizotumika au kilo za kuni zilizochomwa. Mwisho wa mwezi atajua maji ya mgeni mmoja yanamgharimu shilingi ngapi. Muuzaji akija na mashine yake, mazungumzo yaanzie kwenye daftari hilo.